Jambo Lililolazwa Mezani

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na ishirini na tatu. La, nisiwapoteze mapema: ulikuwa wa ishirini na nne, maana ule wa ishirini na tatu lifti ya jengo lao kule Alby, pembezoni mwa Stockholm, ilikufa kuanzia Pasaka mpaka theluji, na Sixte alipanda ghorofa sita kwa miguu akiyasema magoti yake kama watoto watukutu. Siku ninayoisema alishuka kwa lifti. Mwezi wa tano, asubuhi, koti limepigwa pasi, shingoni tai aliyovaa kwenye harusi ya shemeji yake. Mkewe Épiphanie alimkagua mlangoni.

"Baba Raïssa, leo unakwenda kuoa nani?"

"Bunge," akasema Sixte.

"Haya. Mahari usije kuniomba mimi."

Sixte alikuwa Mrundi wa miaka sitini na moja. Kiswahili chake alikipata kambini Kigoma, alikokuwa mwandishi wa kamati ya mtaa wa wakimbizi, akiandika nani kapewa turubai na nani bado. Kiswidi alikipata Kista, akisafisha maofisi ya watu wa kompyuta na kusoma vikaratasi walivyobandika kwenye friji zao: usinywe maziwa yangu, osha kikombe chako. Siku moja klinikini alimsaidia mama mmoja Mkongo kumweleza daktari maumivu yake, na daktari akamuuliza kwa nini hafanyi kazi ile. Tangu hapo akawa mkalimani.

Kazi ya ukalimani ina sheria moja inayochekesha watu wa nje. Mgonjwa akisema "mimi ninaumwa", mkalimani hasemi "anasema anaumwa". Anasema "mimi ninaumwa". Kwa hiyo katika miaka kumi na minne Sixte alikuwa ameugua kila ugonjwa wa Stockholm. Amekuwa mjane, amekuwa mpangaji aliyevunjiwa dirisha, na mara tatu, kwa sauti yake nzito ile ile, amekuwa mjamzito wa miezi saba. Na akitaka kusema lake mwenyewe, tuseme hakusikia vizuri, hathubutu kusema "mimi", maana "mimi" ni mali ya wenyewe. Husema, "Mkalimani anaomba neno lirudiwe," kama mtu anayemsema jirani.

Alikuwa hodari. Ila hakuwa na cheti cha serikali. Mtihani wa kuandika alikuwa ameupita, wa kusema ukamwangusha mwaka uliotangulia, na sasa zilibaki wiki tatu aurudie. Shirika lililokuwa likimpa kazi lilikuwa limeanza kuwapunguza wasio na cheti. Walipompigia simu kumpa siku mbili bungeni, kwa sababu mkalimani mwenye cheti alikuwa amepoteza sauti, msichana wa shirika alimwambia wazi: "Sixte, hii ukiifanya vizuri, jina lako litabaki kwenye orodha. Ukiharibu, sitakuwa na la kukutetea."

Wageni wenyewe walikuwa watatu, makarani wa bunge moja dogo la Afrika Mashariki. Jina lake halina kazi hapa. Makarani ndio wale wanaokaa chini ya kiti cha spika, wanaandika, wananong'ona kanuni, na wabunge wakishindwa uchaguzi, wao wanabaki. Wana udugu wao duniani, mtandao wa bunge kwa bunge, na huandikiana: ninyi mnafanyaje waziri akiahidi halafu akasahau? Sisi tunafanya hivi. Basi kwa njia hiyo makarani wa Stockholm wakawaalika hawa waje.

Kiongozi wao aliitwa Augustino, mtu mfupi, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Kiingereza alikijua vizuri. Lakini bunge lao linaendesha kila kitu kwa Kiswahili, na alikuwa ameomba mkalimani kwa barua.

"Unajua, Mzee Sixte," alimwambia walipopeana mikono kwenye ngazi, "sheria zetu tumezitunga kwa Kiswahili. Nikizieleza kwa Kiingereza nitakuwa kama naeleza sheria za mtu mwingine."

Sixte alimpenda hapo hapo.

Siku ya kwanza ilikwenda kama maji mtaroni. Mwenyeji alikuwa Ragnhild, karani mwenye mvi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, aliyefanya kazi katika jengo lile tangu nywele zake zikiwa nyekundu. Aliwaeleza juu ya ofisi yao ya utafiti: mbunge yeyote, wa serikali au wa upinzani, anaweza kuuliza swali, watu wa ofisi hiyo wanalitafutia jibu, na hawamwambii mtu nani aliyeuliza.

Augustino aliweka kalamu chini. "Kwetu," akasema, na Sixte naye akasema "kwetu" kwa Kiswidi, "kamati ya maji ilitaka kujua ni visima vingapi vinatoa maji. Tukamuuliza nani? Wizara iliyovichimba. Wakatujibu mia nne. Huko ni kumuuliza mpishi kama chakula chake kina chumvi."

Ragnhild alicheka mpaka miwani ikaruka kifuani. "Mkafanya nini?"

"Nikachukua pikipiki na makarani wawili. Siku tisa. Vinavyotoa maji ni mia na sitini. Nikarudi nikawaambia kamati, na waziri akaitwa kujibu. Lakini bunge haliwezi kuishi kwa pikipiki ya Augustino. Nataka dawati la utafiti. Watu watatu tu, chumba, na mtu wa kutufundisha namna ya kumjibu mbunge bila kumpendelea."

Ndicho alichokuja kutafuta. Makubaliano ya miaka mitatu: watu wa Ragnhild waende kule, wake waje huku, dawati lisimame. Wala si kwamba walikuja kuomba tu. Ragnhild naye alikuwa na swali lake: wao wakiitisha wananchi waje kutoa maoni juu ya muswada, wanakuja walewale kumi wenye mikoba ya ngozi. Augustino akamweleza jinsi kamati yao inavyohamia mnadani siku ya soko, inakaa kati ya wauza mbuzi na wauza sufuria, na karani anasoma muswada kwa kipaza sauti, kifungu kwa kifungu, hata mama wa nyanya akamkatiza: "Hicho cha tano rudia, mwanangu, hicho kinanihusu." Ragnhild aliandika kurasa mbili. Sixte aliporudi Alby jioni ile alikuwa amekuwa mabunge mawili kwa siku moja, na hakuchoka.

Siku ya pili ndiyo yenye kisa.

Ilikuwa karibu saa sita mchana. Makubaliano yalikuwa yameshaandikwa, yamo ndani ya jalada la buluu mbele ya Ragnhild. Alibakiza swali moja: bunge la kule limeyapokeaje? Augustino akajinyoosha, maana hapo alikuwa na habari njema. Spika alikuwa amekubali, kamati imepitisha, hati imewasilishwa mbele ya wabunge wote wiki iliyotangulia. Akasema kwa lugha ya kazi yake:

"Sisi tayari tumeyaweka mezani."

Sixte hakusita hata kidogo. Neno lilimjia zima zima, tamu, kama lililokuwa likimngoja. Kiswidi kina neno la kuweka jambo mezani, "bordlägga", meza na kulaza, limeshonwa moja. Alikuwa amelisikia mara mia kwenye mikutano ya chama cha wapangaji. Akalitumia.

Ragnhild akamtazama karani mwenzake. Akalifunga jalada la buluu, polepole, kwa adabu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

"Tunaelewa," akasema. "Basi na sisi tutangoja. Hakuna haraka."

Sixte akasema kwa Kiswahili, "Tunaelewa. Basi na sisi tutangoja. Hakuna haraka."

Augustino akawa kama aliyemwagiwa maji. Wangoje nini? Lakini katika kazi yake amezoea mawaziri, anajua mlango ukifungwa kwa upole umefungwa kweli kweli. Akakusanya kalamu zake nne. Wakanywa kahawa, wakala maandazi yao ya mdalasini, wakasifu hali ya hewa. Hafla ya kutia sahihi iliyopangwa kesho yake ikafutwa. Ikabaki kahawa ya kuagana saa tatu, na kwa hiyo mkalimani hakuhitajika tena.

Kwenye ngazi Augustino alimshika Sixte mkono. "Asante, Mzee wangu. Umefanya kazi nzuri. Sijui tu ni wapi nimewaudhi."

Neno hilo likapanda treni pamoja na Sixte, laini nyekundu yote, kituo kwa kituo, Slussen, Liljeholmen, mpaka Alby.

Nyumbani Raïssa alikuwa amekuja kula. Ni binti yao, ana miaka ishirini na saba, anafanya kazi Kista katika jengo lile lile ambalo baba yake aliwahi kusafisha, na Kiswahili anakisikia chote ila hakijibu.

"Hur gick det, pappa?" akauliza, ilikwendaje.

Sixte akasimulia huku Épiphanie akipakua maharage na ndizi. Alipofika pale pa mezani alilitamka neno lenyewe la Kiswidi, kwa madaha, ili binti aone baba yake ni mtu wa aina gani.

Raïssa aliacha kula. "Bordlagt? Kwa hiyo walikataa?" Hilo alilisema kwa Kiswidi.

"Wamekataa nini? Wameweka mezani! Limefika, linajadiliwa."

"Nej, nej, pappa." Na hapo, kwa mshangao wa wazazi wote wawili, akakitafuta Kiswahili chake mpaka akakipata. "Baba, hiyo ni... kulaza. Jambo linalala. Mpaka siku nyingine. Kwenye timu yetu ya mpira wa mikono, kitu hatutaki kusema hapana, tunasema hivyo."

Sixte alikaa akiangalia sahani. Meza ile ile, kumbe. Kwa Augustino jambo hupelekwa mezani ili lianze, kwa hawa hulazwa mezani ili lisubiri. Yeye aliwaambia Waswidi kwamba wageni wao wamelala. Na mikutano yote ile ya wapangaji, kila mwenyekiti aliposema neno hilo juu ya lifti, Sixte alikuwa akirudi nyumbani na kumwambia mkewe, "Mama Raïssa, lifti imefika mezani!"

"Mwaka mzima," Épiphanie akasema, na yeye ameanza kuelewa. "Mwaka mzima nimepanda ngazi na gunia la mchele nikisubiri lifti iliyofika mezani." Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akamwona mumewe hacheki, akaacha. "Ndege yao saa ngapi?"

"Kesho mchana."

"Basi lala mapema."

Hakumuuliza utafanya nini. Wameoana miaka thelathini.

Asubuhi, kwenye jukwaa la treni Alby, alimkuta Okech, Mkenya wa jengo la pili, anayesafisha madirisha ya maduka ya Kista. Okech hawezi kuona tai akanyamaza.

"Mheshimiwa! Bado uko bungeni? Mimi nilidhani wamekutimua."

Sixte akamweleza yote, kwa kifupi. Okech akamvuta pembeni kana kwamba treni ina masikio.

"Sikiza, Mzee. Nyamaza. Nani atajua? Hao ni watu wa bunge, kuahirisha ndiyo kazi yao! Ukienda kujisema, shirika litakutoa, na mtihani wiki tatu. Kwa nini ujichome?"

"Yule bwana anadhani amewaudhi," Sixte akasema.

"Na wewe unadhani watakupea medali?"

"Nadhani wataniuliza jina," Sixte akasema, akaingia kwenye treni.

Bunge lile liko kisiwani, daraja huku na daraja kule, maji yanapita kwa kasi chini yake hata wakati wa joto. Saa mbili na nusu Sixte alikuwa mlangoni. Mlinzi, kijana mwenye heshima, alitazama orodha yake juu mpaka chini. Jina lilikuwepo la jana na la juzi, la leo halipo. Bila jina haingii mtu, hata kama jana ulikuwa ndani unasema "sisi, Bunge". Sixte alishukuru, akaenda kusimama darajani. Hakuwa na hofu. Kambini aliwahi kusimama siku mbili mlangoni pa ofisi kwa ajili ya turubai la mama asiye ndugu yake, na alilipata. Kusimama anakujua.

Augustino na wenzake wakatokea upande wa mji wa kale, wanavuta masanduku.

"Mzee Sixte! Umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kukurudishia neno lako," Sixte akasema. "Jana ulinipa zima, nikalifikisha limevunjika." Akamweleza.

Augustino alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaketi juu ya sanduku lake, katikati ya daraja, watu wa baiskeli wakimzunguka, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu. "Yaani nimesafiri kilomita elfu saba kuja kusema nimelala!"

"Nisamehe."

"Twende ndani," Augustino akasema akiinuka. "Uliseme mwenyewe. Nikilisema mimi kwa Kiingereza watadhani nimebembeleza."

Ragnhild aliitwa, akashuka mpaka mlangoni, miwani kifuani, anatabasamu tabasamu la kuagana. Walisimama hapo hapo penye mashine ya kukagulia mizigo, mlinzi akisikiliza. Sixte akavuta pumzi, akasema kwa Kiswidi: "Mimi nilifanya kosa jana."

Ragnhild akamgeukia Augustino. Kwa upole wote akamshika mkono Augustino na kumwambia, "Hapana, hapana, hamna kosa lolote, kila bunge lina ratiba yake."

Siku mbili nzima "mimi" ya Sixte ilikuwa ya Augustino. Sasa alipotaka kuitumia mwenyewe, haikumtambua. Augustino naye akamtazama Sixte, akisubiri atafsiriwe.

"Mkalimani..." Sixte akaanza, kwa mazoea, halafu akaacha. Akajigusa kifua, pale kwenye tai. "Si yeye. Mimi. Mimi, Sixte, ninayesema hapa. Neno 'bordlägga' ni langu, si lake. Yeye alisema makubaliano yamefikishwa mbele ya wabunge wao wote na yanaendelea. Mimi ndiye niliyeyalaza."

Mlinzi ndiye aliyeelewa kwanza. Alikohoa kuficha kicheko. Ragnhild akavaa miwani. Akamtazama Sixte muda mrefu, na kwa siku zote tatu hizo ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama yeye, si kinywa chake.

"Kwa hiyo bunge lao liko tayari?"

Sixte akafumbua kinywa kutafsiri, lakini Augustino alikwisha kuusoma uso. "Tupo tayari tangu wiki iliyopita," akasema, na Sixte akalipeleka, safari hii akilichagua kila neno kama mtu anayenunua mayai.

Ragnhild akapanda ngazi mbio, mwanamke wa umri ule, kulichukua jalada la buluu. Walitia sahihi juu ya meza ya plastiki ya mlinzi, kati ya visahani vya funguo na mikanda. Kisha Ragnhild akachukua karatasi tupu, akachora mstari katikati. Akasema kwamba kabla ya dawati, kabla ya kitu chochote, mabunge haya mawili yanahitaji orodha ya maneno, la kwetu na la kwenu, na yale yanayofanana sura lakini si ndugu. Neno la kwanza lililoandikwa ni "mezani". Orodha hiyo ilianza na maneno arobaini. Nasikia imeshapita mia tatu, na mabunge mengine ya mtandao ule yameiomba na kuongeza yao.

Na dawati limesimama. Watu watatu, chumba kimoja, mlango unaofungwa. Safari hii kamati ya maji iliuliza juu ya visima, ikajibiwa ndani ya siku nne, na Augustino hakupanda pikipiki.

Shirika la wakalimani Sixte aliliambia mwenyewe, siku ile ile, kwa simu, akiwa bado darajani. Msichana akasema atampigia tena. Alimpigia wiki iliyofuata, akampa kazi: Ragnhild alikuwa ameandika barua akimwomba mkalimani yule yule kwa orodha ya maneno. Mtihani wa kusema aliupita. Alipoulizwa na watahini mkalimani afanye nini akigundua kosa lake baada ya kikao kwisha, alijibu kwa urefu kiasi kwamba walimwomba afupishe.

Mwezi wa sita zilifika kumbukumbu za mkutano, nakala ya Kiswidi kutoka kwa Ragnhild na nakala ya Kiswahili kutoka kwa Augustino, ili azilinganishe. Alizisoma mezani jikoni, Épiphanie akichambua mchele. Kwa mara ya kwanza lugha hizo mbili zilikubaliana neno kwa neno. Zote zilisema kwamba asubuhi ya siku ya tatu, kabla ya kutia sahihi, "ufafanuzi ulitolewa".

Sixte alirudia kusoma. Kisha akachukua kalamu, akaandika maneno mawili pembeni ya sentensi hiyo, Kiswidi kwenye nakala ya Kiswidi, Kiswahili kwenye nakala ya Kiswahili, akazirudisha zote mbili kwa posta. Kwenye nakala za mwisho, vituo vyote alivyovisahihisha vilirekebishwa. Tahajia zote zilirekebishwa. Maneno yake mawili hakuna aliyeyajibu, wala Stockholm wala kule:

"Na nani?"